Mashine Isiyoshika Vipimo

Shule nilifika mwaka wa tatu wa msingi, na huo wa tatu sikuumaliza. Nasema mapema ili mtu asije kunisema baadaye. Herufi nilifundishwa na madini ya risasi. Nilikuwa mfagiaji kwenye ateliye ya kuchapia ya wapadri, enzi ambazo maneno yalipangwa herufi moja moja, na herufi za risasi hukaa kinyume. Nilijua kusoma kinyumenyume kabla sijajua kusoma kama watu wengine. Mpaka leo ukiniwekea gazeti kichwa chini nitakusomea bila kukwama. Kutoka kwenye ufagio ule mpaka ateliye yangu mwenyewe hapa mtaa wa Buyenzi, yenye mashine mbili za ofseti, kisu cha kukatia karatasi na paa lisilovuja, hakuna aliyenishika mkono.

Ndiyo maana ile mashine ya kuchoma plaki iliniuma kama mwiba wa samaki kooni.

Plaki ni bamba jembamba la aluminiamu. Picha inachomwa juu yake, bamba linafungwa kwenye ofseti, wino unakwenda mahali pake, karatasi inapita. Kila rangi ina plaki yake. Zamani tulichoma kwa filamu na taa kali, kazi ya nusu siku. Mashine hii inachoma kwa mwanga mwembamba kama sindano, moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, na kabla hujamaliza kikombe cha chai bamba liko tayari. Niliinunua ikiwa imeshatumika Ulaya, kwa watu wa magazeti. Ilikuwa na mikwaruzo mwilini lakini moyo wake mzima.

Kilema chake kilikuwa kimoja: haikushika vipimo. Unaiambia picha ianzie wapi kwenye bamba, mwanga uwe mkali kiasi gani, ngoma izunguke kwa kasi gani, namba kumi na moja kwa jumla. Inazipokea na kuchoma vizuri kabisa. Ukiizima na kuiwasha, namba zako zote zimeondoka, zimerudi zile za wenyewe wa kwanza.

Mpiga chapa wangu, niliyezeeka naye, sikio lake moja limekufa kwa kelele za mashine, alicheka mpaka akakohoa. "Patron, umeoa mwanamuke mwenye kuachwa. Kila asubui anapika ile chakula bwana wa kwanza alipenda."

Mimi sikucheka. Namba zote kumi na moja niliziandika ukutani kwa kalamu nene, na kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta kama mtoto mbele ya ubao, nikiziingiza moja baada ya nyingine, nikirudi nyuma, nikizihakiki tena. Mikono ilitoka jasho. Mtu wa umri wangu kutokwa jasho kwa namba.

Sasa ilikuja kazi ya kadi za watoto.

Muuguzi mkuu wa kituo kimoja cha afya huko Kanyosha alikuja mwenyewe, mama wa miaka hamsini hivi, viatu vimejaa vumbi. Kadi zake zilikuwa zimekwisha na watoto walikuwa wanapimwa kwenye vipande vya daftari. Alitoa kadi moja ya mwisho, kuukuu, akaikunjua kwenye meza yangu. Upande mmoja jina la mtoto na chanjo. Upande wa pili mchoro: miezi chini, kilo pembeni, na kati yake njia mbili za rangi zinazopanda pamoja kama kilima, kijani juu, nyekundu chini.

"Muzee, unaona hapa?" akasema, kidole chake kikipita mahali kijani inapoishia. "Tunapima mutoto, tunatia nukta. Nukta ikianguka mu kijani, mama anarudi nyumbani. Ikianguka mu nyekundu, mutoto anaenda hospitali. Iko hapa tu. Huu mustari ndio unasema."

"Nimeelewa."

"Apana, usiseme mbio umeelewa. Siku ya kupima wanakuja mia. Mi sina muda wa kufikiri kwa kila mutoto. Natazama kadi."

Nilimwambia nimechapa kazi nyingi kabla yeye hajavaa koti jeupe. Akaniangalia, akakunja kadi yake, akaiacha mezani.

Baada ya kuondoka yeye nilianza kuogopa, lakini sikumwonyesha mtu. Kadi za harusi zikitoka vibaya, watu wanakasirika, mnachapa upya. Hapa ilikuwa rangi tatu, nyeusi ya mistari na namba, kijani na nyekundu, kila moja na plaki yake, na zote zilipaswa kukaa mahali pamoja. Na mimi nilikuwa na mashine inayosahau picha ianzie wapi.

Nikamwita fundi wa vyombo vya umeme kutoka Kamenge. Huyu ni mtu aliyesoma, miwani mizito, mpole kupita kiasi. Alilala chini nyuma ya mashine na tochi mdomoni, akafungua mlango wa mgongoni, akatoa betri ndogo kama kifungo cha shati. "Muzee, betri imekufa. Ndiyo inashika kumbukumbu." Akaweka mpya. Nikaingiza namba zangu kumi na moja.

"Sasa tuzime tuone," akasema kutoka kule chini.

Hapa lazima nieleze desturi ya nyumba yangu. Kila mtu wa mji huu anaogopa umeme unaporudi kuliko unapokatika. Unapokatika, unakaa gizani tu. Unaporudi, unaweza kurudi na hasira. Miaka ya nyuma ulirudi hivyo ukaniunguzia taa yote ya kuchomea filamu, na siku hiyohiyo nyumbani friji ya mke wangu ilitoa moshi. Tangu siku hiyo, kwangu chombo hakizimwi kwa kitufe. Kinachomolewa ukutani. Na anayechomoa ni mimi, si mtu mwingine. Prizi ya kila mashine, plagi yake ya ukutani, nimeifunga kitambaa chekundu ili mkono usihangaike kuitafuta. Umeme ukicheza kidogo tu, taa ikipepesa jicho, mimi nimeshafika. Nilikuwa najisifu mtaani kwamba mkono wangu una mbio kuliko umeme.

Kwa hiyo fundi aliposema tuzime, nilichomoa. Nikachomeka, nikawasha. Namba za wenyewe wa kwanza.

"Umezima muzuri, muzee?" fundi akauliza, bado yuko chini, anaona nyaya tu.

"Vizuri."

"Muzuri kabisa?"

"We kijana, nimezima mashine tangu baba yako anavaa kaptula. Tazama hizo nyaya zako."

Fundi alitazama nyaya mpaka adhuhuri. Akaingiza programu upya, akapuliza vumbi, akabadili waya mmoja. Kila mara alisema tuzime, na kila mara mkono wangu ulikwenda kwenye kitambaa chekundu. Mwisho akakaa chini sakafuni, akafuta miwani kwa shati. "Muzee, mi nimeshindwa. Labda ni kile kibao cha umeme cha ndani. Mupaka nikipate kingine, kila ukiwasha, utazame namba kwanza. Kila mara. Usichome kitu hujatazama."

Pesa nilimlipa zote, lakini heshima nilimpa nusu tu, hata kumuaga sikumuaga vizuri. Nilisema moyoni: wasomi.

Kazi ikaanza siku ya pili. Nikaingiza namba, nikachoma plaki nyeusi. Ilitoka safi, mistari kama nywele. Sijaweka bamba la kijani, taa ikapepesa. Nilifika ukutani kabla haijapepesa mara ya pili. Umeme ukakatika kweli, na mpiga chapa akanipigia makofi.

Jenereta ninayo, lakini wiki hizo mafuta hayakuwepo mjini. Magari yalilala kwenye foleni, watu walitembea. Tukakaa. Kituo cha afya kilitaka kadi kesho yake, maana ndiyo siku ya kupima. Ile kadi kuukuu mezani niliikunjua, nikaikunja, nikaikunjua tena. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Nikasali adhuhuri, na katika kusujudu nikajikuta nahesabu dakika za kuchoma plaki mbili. Astaghfirullah.

Umeme uliporudi nilisubiri kidogo utulie, nikachomeka, na nikakimbia. Hilo ndilo neno lake. Nilikimbia kwa sababu ungeweza kukatika tena. Nikaweka bamba.

"Patron, umetazama namba?" mpiga chapa akaniuliza kwa ile sauti yake ya kiziwi, ambayo mtaa mzima unasikia.

Na mimi, mbele ya mtaa mzima, nikamjibu, "Sikuanza kazi jana."

Nikachoma kijani. Nikachoma nyekundu. Sikutazama namba.

Kadi zilitoka nzuri. Nataka hili lieleweke, maana ndilo lililoniponza. Kijani na nyekundu zilichomwa kwa vipimo vilevile vibaya, kwa hiyo zilikutana kingo kwa kingo, hakuna mwanya mweupe, hakuna kupandana. Jicho la mchapaji linatazama mahali rangi zinapokutana, na pale palikuwa safi. Niliinua kadi kwenye mwanga wa mlango, nikatabasamu. Asubuhi na mapema muuguzi alimtuma mtu wa baiskeli, akachukua boksi la kwanza.

Boksi la pili lilihitaji plaki mpya, maana ile ya nyekundu ilikuwa imekwaruzwa. Saa tatu asubuhi nikawasha mashine, nikasimama mbele ya ukuta wangu, nikaingiza namba kumi na moja kwa utulivu, nikachoma nyekundu nyingine. Kwa mazoea ya zamani, ya wapadri, nikaiweka plaki mpya juu ya ile iliyokwaruzwa, pembe kwa pembe, nikitazama kama mistari inalala pamoja.

Haikulala pamoja.

Njia nyekundu ya jana ilikuwa imeshuka chini. Upana wa ukucha wa kidole changu kidogo. Nikachukua kadi moja iliyobaki mezani, nikachukua ile kuukuu ya muuguzi, nikaziinua pamoja kwenye jua. Namba za kilo zilikaa juu ya namba za kilo. Miezi juu ya miezi. Lakini kilima chote cha rangi kilikuwa kimezama, karibu nusu kilo. Mtoto aliyepungukiwa nusu kilo, kwenye kadi yangu alikuwa mzima.

Mpiga chapa alikuja akatazama juu ya bega langu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema kwa sauti ndogo. "Leo ndiyo siku ya kupima."

Simu ya muuguzi iliita, haikushikwa. Niliita tena na tena. Mabasi hayakuwepo. Nilikunja kadi kuukuu mfukoni, nikachukua fimbo yangu, nikatoka.

Buyenzi mpaka Kanyosha mtu mwenye magoti mazuri anatembea bila kusimulia. Mimi nina magoti ya kusimama mbele ya ofseti miaka arobaini. Nilipita katikati ya mji nikiwa sioni mji. Watu walinisalimu, "Muzee, amani?" na mimi niliinua fimbo tu. Nilipovuka daraja la Muha jasho lilikuwa limefika kwenye mkanda wa suruali. Kichwani kulikuwa na hesabu moja: wanakuja mia, saa moja wanaanza, sasa ni saa nne na nusu. Kila mama niliyekutana naye njiani akitokea upande wa Kanyosha na mtoto mgongoni, nilimtazama mtoto. Nyama ya shavu. Miguu. Wengine walinikunjia uso, na walikuwa na haki.

Nje ya kituo akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mpaka barabarani. Nilipita mbele yao wote, wakapiga kelele.

"We muzee, nawe umebeba mimba?"

"Foleni iko nyuma!"

Niliingia. Muuguzi alikuwa ameinama kwenye mizani, mtoto ananing'inia kwenye mfuko wa kitambaa akilia. Kalamu yake ilikuwa juu ya kadi yangu.

"Simamisha," nikasema. "Mama, simamisha hiyo kalamu."

Nilimwonyesha kwenye dirisha, kadi juu ya kadi. Sikueleza mengi. Uso wake ulibadilika polepole, kama karatasi inavyonyonya maji.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na mwenzangu. Umeshatoa ngapi?"

Umeme ulikuwa umechelewa hata kwao, na mizani ilikuwa na shida, kwa hiyo walianza saa nne. Kadi kumi na mbili tu zilikuwa zimetoka. Alhamdulillahi, nilisema, lakini yeye alikuwa ameshafungua daftari. Kilo za kila mtoto alikuwa ameziandika. Akachukua kadi kuukuu, akapita nazo moja moja kwa rula, midomo ikitembea bila sauti. Kijani. Kijani. Kijani, karibu na mpaka lakini kijani. Nilisimama nyuma yake nikishika fimbo kwa mikono miwili. Kwenye jina la nne rula ilisimama.

"Huyu," akasema. Akakaa. "Huyu mutoto wa miezi kumi. Bibi yake ndiye anamulea, mama yake alifariki. Muzee, mi nilimushika huyu mutoto, jicho langu likakataa. Likaniambia apana, huyu si mzima. Halafu nikatia nukta kwa kadi, ikaanguka mu kijani. Nikasema basi, jicho langu limechoka." Alinitazama. "Niliamini karatasi yako."

Nimetukanwa na watu wengi maishani. Hakuna tusi lililoingia kama hilo.

Hakuweza kuacha watu mia. Aliniambia bibi huyo anakaa juu milimani, lakini siku ya kupima huwa anauza lengalenga, mchicha wa huku, sokoni kwanza kabla ya kupanda. Kikapu kikubwa, kitambaa cha njano mgongoni. "Nenda. Usimwambie mutoto atakufa. Mwambie arudi."

Soko lilikuwa limejaa vikapu vikubwa na vitambaa vya njano. Nilisimama mbele ya kila mwanamke mwenye mboga nikichungulia mgongoni kwake. Mmoja aliniuliza kama natafuta mke au mchicha. Nikamweleza ninayemtaka, akageuka mara moja, akawa mtu mwingine. "Nyogokuru, bibi wa yule mutoto mudogo? Ameuza mbio leo. Amepanda."

Nikapanda. Njia ile ni ya udongo mwekundu, inakwenda kati ya mihogo, na jua lilikuwa kichwani. Nilisimama mara tatu kwa ajili ya moyo wangu. Nilifikiri: akifika kwake, nyumba yake nitaijuaje, jina la kilima sijaliuliza. Nilijilaani kwa hilo nalo. Kisha kwenye kona, chini kidogo ya bomba la maji, nikaona njano.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kikapu kitupu pembeni, anamlisha mtoto ndizi iliyosagwa kwa kidole. Ni mwanamke mkavu, umri wangu au zaidi. Nikamwamkia. Nikamwambia muuguzi anaomba arudi na mtoto, sasa hivi.

"Kwa nini?"

"Kadi ina makosa."

Akaitoa kadi kifuani, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kama hati ya shamba. "Asubui mumesema mutoto ni mzima. Sasa si mzima. Hiyo karatasi yenu inabadilika na jua?"

"Karatasi ndiyo iliyokosea, si wao."

"Karatasi inakosea? Karatasi ina mikono?"

Kulikuwa na majibu mengi. Betri. Kibao cha ndani. Umeme. Wazungu wa magazeti na namba zao. Yote nilikuwa nayo mdomoni, nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Muha.

"Mimi ndiye niliyeichapa," nikasema. "Rangi nimeiweka chini. Niliambiwa nitazame, sikutazama."

Alinipima kwa macho, kuanzia viatu. "Una miaka ngapi?"

Nikamwambia.

"Na bado hutazami." Akafungua kitambaa cha njano. "Mi nimeshuka na nimepanda. Sasa mubebe wewe."

Nikambeba. Mikono yangu inajua uzito wa karatasi. Rimu ndogo ya karatasi za ofisi ni kilo mbili na nusu, nimeinua maelfu, siwezi kudanganywa. Yule mtoto alikuwa rimu mbili na nusu, pamoja na nguo zake. Miezi kumi. Hakulia. Hilo lilinitisha kuliko uzito: mtoto anachukuliwa na mzee asiyemjua, mwenye harufu ya wino na jasho, na halii, anatazama tu. Nilishuka ile njia nikitafuta pa kuweka mguu kwanza, kila hatua, na bibi nyuma yangu akisema, "Jiwe. Jiwe lingine. Tazama."

Kituoni alipimwa tena. Muuguzi alitia nukta kwenye ile kadi kuukuu, juu ya mchoro wa mtoto mwingine aliyekwisha kukua. Nyekundu, wala si pembeni. Gari la kituo lilikuwa na mafuta ya safari moja, walikuwa wanayaficha kwa ajili ya mama wa kujifungua. Muuguzi alitoka nje, nikamsikia akibishana na dereva kwa Kirundi, kisha injini ikawaka. Bibi alipanda na mtoto kwenda hospitali ya Kamenge. Hakuniaga. Kikapu chake alinisukumia mimi, akasema nikitunze.

Saa tisa mabenchi yalikuwa yamebaki matupu. Kadi zangu zote zilikuwa zimerudi ndani ya boksi, na watoto walikuwa wamepimwa kwa daftari. Nilikaa kwenye chumba cha muuguzi kusubiri kama kutakuwa na habari. Kule kulikuwa na mashine ya kutazamia mimba, yenye kioo, nayo imeshatumika Ulaya kama yangu. Taa ya darini ikapepesa.

Niliruka. Sikufikiri. Mkono wangu ulikuwa umeshafika ukutani.

"Muzee! Acha!" Muuguzi alinishika mkono. Kweli alinishika, kwa nguvu. "Unataka kunipotezea wamama wote wa leo?"

"Umeme ukirudi na nguvu utakuunguzia mashine."

"Ukichomoa hivyo itasahau vipimo vyote. Hii inaandika wakati wa kulala. Unaizima kwa kitufe chake, unangoja. Inaandika kila kitu, halafu inalala yenyewe. Ikishaandika, umeme ukatike hata mara kumi, haisahau." Alibonyeza. Kioo kikaonyesha maneno, na kiduara kidogo kikawa kinazunguka. Alisimama mikono kiunoni akingoja, kama mama anayengoja mtoto amalize kunywa dawa. "Yako unazimaje?"

Swali lilelile. Fundi aliniuliza na tochi mdomoni. Umezima muzuri? Muzuri kabisa?

Kiduara kilizunguka. Nilitazama mkono wangu wa kulia, ule wa kuchomoa.

Kesho yake asubuhi niliingiza namba kumi na moja. Nikamwita mpiga chapa asimame nami, sikumwambia kwa nini. Nikatafuta kitufe, kiko chini upande wa kushoto, kina vumbi la tangu mashine iingie kwangu. Nikabonyeza. Kwenye kioo yakatokea maneno ya kigeni ambayo sikuyajua, na chini yake mstari mweupe unaojaa taratibu. Mikono niliifunga nyuma ya mgongo. Mpiga chapa alitazama mstari, akatazama kile kitambaa chekundu, akanitazama mimi. Mstari ulifika nusu ukasimama, na kwa muda huo niliona umeme ukikatika mara mia kichwani mwangu. Ukaendelea. Kisha mashine ikazimika yenyewe, feni ya ndani ikashusha pumzi.

Nilipoiwasha, namba zilikuwa zangu. Zote kumi na moja.

"Miezi minane," mpiga chapa akasema, kwa sauti ya mtaa mzima. "Miezi minane unainyonga kila siku, halafu unasema inasahau."

Nikampigia simu fundi wa Kamenge, nikamwambia kosa lilikuwa nini. Akasema tu, "Asante kunijulisha, muzee." Angenicheka ingekuwa rahisi zaidi.

Kadi mbaya nilizikata mwenyewe kwa kisu, vipande vya upana wa kidole. Mpya nilichapa nikiwa nimesimama na rula mkononi, na ile kadi kuukuu, ambayo muuguzi alinirudishia, mbele yangu. Na namba za ukutani sikuzifuta. Kila nikiwasha, natazama kioo, natazama ukuta, halafu natazama tena, na bado nikifika nyumbani kwa chakula cha mchana moyo unaniambia namba ya nne hujaitazama, na ninarudi.

Siku ya kupima iliyofuata nilikwenda Kanyosha, kikapu kitupu mkononi. Nilisema naenda kurudisha kikapu. Bibi alikuwa kwenye foleni, wa nane au wa tisa. Mtoto alikuwa mgongoni, kitambaa kilekile cha njano. Sikuthubutu kumtazama shavu. Nilisimama mlangoni mpaka walipoitwa.

Muuguzi alimtia kwenye mfuko wa mizani. Mtoto akalia, akapiga mateke, akapiga kelele za kuudhi, na bibi akasema, "Sasa ana sauti, anatusumbua kutwa." Muuguzi aliandika kilo, akachukua kadi mpya, akatia nukta. Mimi niko mbali, nimeona kalamu tu ikigusa.

"Wapi?" nikauliza.

"Kijani. Chini kabisa, lakini kijani."

Bibi alinyoosha mkono achukue kadi. Muuguzi hakumpa. Aliinua macho akanitazama mimi, na mkono wake mwingine ulikuwa umefunguka, unangoja. Nilielewa. Nikatoa mfukoni ile kadi kuukuu, na rula.

Aliweka kadi mpya kando ya ile kuukuu, akapima nyekundu. Alipima kijani. Mtoto alikuwa bado analia.

"Sawa," akasema, na akampa bibi kadi yake. Rula aliitia mfukoni mwa koti lake, hakunirudishia.